Kombora Halisubiri Saa 72

Jumatatu ya tarehe 23 Juni, karibu saa mbili usiku, niliingia WhatsApp nikakuta ujumbe wa sauti kutoka Doha. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejificha chooni. Na kweli alikuwa chooni. "Mdogo wangu, huku juu kunalipuka. Madirisha yanatikisika. Bosi kachukua watoto wake kaenda nao kwa kaka yake, mimi kaniambia nibaki niangalie nyumba. Paspoti yangu anayo yeye, iko kabatini kwake."

Wengi wenu mnakumbuka usiku ule. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imepiga vituo vya nyuklia vya Iran. Iran ikajibu kwa kurusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani iliyopo Qatar, si mbali na Doha. Qatar ilikuwa imeshafunga anga lake. Karibu makombora yote yalidunguliwa, hakuna aliyekufa, na kabla hakujapambazuka ndege zikaruhusiwa kuruka tena. Kesho yake yakatangazwa makubaliano ya kusitisha vita kati ya Iran na Israel. Mitandaoni tukarudi kwenye mambo yetu.

Mimi sijarudi. Naandika hasa kwa sababu safari hii hakuna aliyekufa. Tumepewa somo bure, na mtu akipewa somo bure akalikataa, la pili analipia.

Nitamwita Dada tu. Jina lake halina kazi hapa, na kibarua chake bado anakihitaji. Yeye ni dada wa kazi: anapika, anafua, analea watoto watatu wa mwenzake. Mkopo wangu wa bodi haufiki asilimia mia, na kinachopungua kwenye ada anakijazia yeye. Kwa hiyo usiku ule nilipomwandikia "rudi nyumbani", nilijua kabisa namwambia nini, na yeye alijua. Jibu lake limekaa kichwani mwangu mpaka leo: "Sitaki kurudi. Nataka kujua kwamba nikitaka, naweza."

Hoja yangu yote iko kwenye sentensi hiyo. Wafanyakazi wetu walioko Uarabuni hawaiombi serikali iwarudishe kwa nguvu. Wanaomba mlango uwe wazi siku ambayo watauhitaji.

Sasa tuangalie mlango wenyewe, na nianze na sheria maana ndiyo ninayoisomea.

Miaka mingi Qatar ilikuwa na kibali cha kutoka nchini. Mfanyakazi hawezi kupanda ndege bila mwajiri kuridhia. Ni sehemu ya mfumo wa kafala, ambapo mwajiri ndiye mdhamini wako, na kuwepo kwako nchini kunamtegemea yeye. Mwaka 2018 kibali hicho kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi, lakini wa majumbani waliachwa nje. Wao waliondolewa kibali Januari 2020. Tuseme ukweli, ni hatua kubwa. Ila kuna sharti lilibaki: mfanyakazi wa ndani lazima amtaarifu mwajiri angalau saa 72 kabla ya kuondoka.

Saa 72 ni siku tatu. Kwa siku ya kawaida ni jambo la kistaarabu, hata kwetu dada wa kazi akiondoka bila kuaga tunalalamika. Lakini vita yote ya Juni 2025 kati ya Israel na Iran ilichukua siku 12, na kwa Qatar hatari ilianza na kuisha ndani ya usiku mmoja. Ukimtaarifu bosi kombora likiwa hewani, siku ya kuruhusiwa kuondoka itafika vita imeshapita au wewe umeshapita. Na ukitoka bila taarifa, mwajiri anaweza kukuripoti kwamba umetoroka. Hapo unageuka kutoka mtu anayekimbia bomu na kuwa mtu anayetafutwa na polisi.

Halafu kuna paspoti. Kumnyang'anya mfanyakazi paspoti ni kosa kwa sheria ya Qatar yenyewe, Sheria Namba 21 ya mwaka 2015, na faini yake inafika riyali 25,000. Sheria ipo, na paspoti ya Dada ipo kabatini. Nani atakwenda kugonga mlango wa nyumba ya mtu kukagua kabati? Kiwanda kinakaguliwa, hoteli inakaguliwa. Nyumba ni faragha ya familia, na Dada anafanya kazi ndani ya faragha hiyo.

Kuna mtu atasema: hao wageni wote wako kwenye hatari moja, karibu watu tisa kati ya kumi wanaoishi Qatar si raia. Ni kweli, ila wageni hawalingani. Mhandisi wa kampuni ya mafuta ana kampuni yenye mpango wa dharura, ana namba ya kupiga, ana paspoti mfukoni na kadi ya benki ya kukatia tiketi. Serikali yake imeshamtumia ujumbe ajifungie ndani mpaka atakapoambiwa vingine. Dada yeye alisubiri ujumbe wa bosi. Wote wawili tunawaita wafanyakazi wa kigeni, lakini makombora yakiruka, mmoja ana njia ya kuondoka na mwingine ana amri ya kuangalia nyumba.

Na hapa sikuzi mambo. Lebanon imeshatuonyesha mwisho wake.

Septemba 2024 Israel ilipoanza kuishambulia Lebanon kwa nguvu, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, IOM, lilikadiria kwamba nchini humo kulikuwa na wafanyakazi wahamiaji zaidi ya 170,000, wengi wao wanawake wa kazi za ndani, wakiwemo wa kutoka Ethiopia, Kenya, Sierra Leone, Ufilipino na Bangladesh. Maofisa wa IOM walisema hadharani kwamba wapo waliotelekezwa na waajiri waliokimbia. Wengine walifungiwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba kaondoka na ufunguo. Wengine walishushwa barabarani. Walipofika kwenye makazi ya muda, yapo yaliyowakataa kwa sababu nafasi ni za wenyeji. Kenya ilibidi iwatangazie raia wake wajiandikishe ili waondolewe, mabomu yakiwa yameshaanza. Fikiria uko umefungiwa ghorofa ya tano bila bando, halafu serikali yako inakwambia ujaze fomu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Juni 2020, uchumi wa Lebanon ulipoporomoka katikati ya korona, waajiri waliwapakia wasichana wa Kiethiopia kwenye magari wakawashusha na mabegi yao nje ya ubalozi mdogo wa Ethiopia mjini Beirut. Wakalala pale barabarani. Ndiyo maana nasema kwa dada wa kazi vita haianzi na bomu. Inaanza pale mwajiri anapopiga hesabu ya nani anaingia kwenye gari na nani anabaki.

Sasa tuje nyumbani.

Kwanza kabisa, tuache ile lugha ya "nani kawatuma?" Nimeisikia kwa wana-CCM, na jamani nimeisikia hata kwetu. Waliotumwa wapo. Serikali yetu yenyewe, kupitia Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, hutangaza nafasi za kazi nje. Mawakala binafsi wana leseni ya serikali. Dada alipita kwa wakala mwenye leseni, akapimwa afya, akapigwa picha, akatabasamu. Na pesa anayotuma inaingia kwenye hesabu za fedha za kigeni ambazo viongozi wanajisifia nazo majukwaani. Huwezi kuzihesabu dola zake halafu yeye mwenyewe ukamwita mtu aliyejipeleka.

Pili, tusikimbilie kusema wapigwe marufuku. Marufuku haimzuii msichana mwenye njaa, inambadilishia njia tu. Badala ya kupanda ndege Dar es Salaam akiwa na mkataba, atapanda basi mpaka Nairobi na kuondoka na viza ya kutembea, na hapo hata wakala wa kumshika shati hayupo.

Tatu, tuwe wakweli: serikali hii ikiamua inaweza. Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum, Watanzania zaidi ya 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa Sudan kwa barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa nyumbani kwa ndege ya Air Tanzania. Mimi ni mpinzani na nilipiga makofi. Lakini jiulize kwa nini ile iliwezekana. Wanafunzi wana chuo, chuo kina orodha ya majina, na wao kwa wao wana viongozi na vikundi vya simu. Ukitaka kuwakusanya unajua pa kuanzia.

Dada na wenzake kila mmoja yuko nyuma ya ukuta wake. Nyumba ya jirani yupo binti wa Pemba, wamefahamiana kwa kutupa taka saa moja. Hakuna chuo hapo, hakuna kiongozi. Kwa hiyo orodha ambayo wanafunzi walikuwa nayo bila kuomba, kwa wafanyakazi wa ndani lazima serikali iitengeneze yenyewe, na iitengeneze wakati wa amani.

Na huyo binti wa Pemba ananipa hoja nyingine. Kwenye Katiba yetu Mambo ya Nje ni suala la Muungano, lakini kazi na ajira si suala la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na utaratibu wake wa kuwapeleka watu nje. Bara kuna sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999. Maana yake wasichana wawili wanaotupa taka kwenye pipa moja Doha wametoka kwa milango miwili, lakini siku ya hatari ubalozi ni mmoja. Swali ni rahisi: anayetakiwa kuwaokoa anayo mezani orodha ya milango yote miwili, yenye mtaa na namba ya nyumba? Kama anayo, tuambiwe ina majina mangapi kwa kila nchi. Namba za jumla si siri ya dola.

Na tusidhani hatujawahi kulipa. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa. Walikuwa rika letu, walikwenda kujifunza ufugaji na kilimo warudi wajenge maisha. Mmoja alizikwa. Mwili wa mwenzake, mpaka Julai 2025, ulikuwa bado haujarudi kwao. Tukiandika kuhusu usalama wa Watanzania walioko nje, tuandike tukiwakumbuka wale wazazi.

Wapo wanaosema nchi maskini haiwezi haya. Sikubali. India ya mwaka 1990 haikuwa tajiri. Iraq ilipoivamia Kuwait, India iliondoa raia wake zaidi ya 100,000 kwa ndege kupitia Amman, Jordan, ndani ya takriban miezi miwili. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Ufilipino, kwa sababu unatufundisha siasa.

Machi 1995, mfanyakazi wa ndani Mfilipino alinyongwa Singapore kwa kesi ya mauaji ambayo wananchi wenzake wengi hawakuiamini. Wafilipino waliingia barabarani kwa hasira, kwamba serikali yao ilikuwa inakula jasho la wafanyakazi bila kuwalinda. Miezi michache tu baadaye ikapitishwa sheria ya wafanyakazi wahamiaji, Sheria Namba 8042. Sheria ile inamtwika wakala aliyekupeleka jukumu la kukurudisha, na vita ikizuka serikali inakutoa kwanza halafu inamdai wakala baadaye. Leo wana ngazi nne za tahadhari zinazotangazwa kwa kila nchi. Ngazi ya tatu unaweza kuomba kurudishwa, ya nne ni lazima uondolewe. Mfilipino aliyeko Beirut au Doha akisikia namba, anajua serikali yake inamdai nini na yeye anaidai nini.

Na mwaka 2003 wakapata sheria ya kupiga kura wakiwa nje. Hapo ndipo nataka tupatazame vizuri, vijana wenzangu. Dada hapigi kura. Hakuna kituo cha kura Doha, Muscat wala Riyadh kwa Mtanzania. Mkenya wa Doha alipiga kura ya rais mwaka 2022 akiwa hukohuko. Katiba yetu, Ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, na ibara hiyohiyo inataja sababu ambazo Bunge linaweza kuzitumia kumzuia mtu: uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, makosa fulani ya jinai, kushindwa kuthibitisha umri au uraia. Kuishi nje ya nchi kwa ajili ya kutafuta riziki hakumo. Dada hajaondolewa na Katiba. Ameondolewa na watu ambao hawajaona hasara ya kumwacha.

Mbunge anahangaikia barabara ya kijiji kwa sababu kijiji kina kura. Wanawake waliotawanyika nyuma ya kuta za Ghuba hawana kura, hawana chama cha wafanyakazi, na wakilalamika wanaambiwa wanachafua jina la nchi. Ndiyo maana mpango wa kuwaokoa hutafutwa siku ya moto.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka tuyasukume kwenye ilani ya chama chetu, na kila mgombea wetu aulizwe:

Moja, daftari moja la wafanyakazi wa nje, Bara na Zanzibar, lenye anwani halisi na namba ya ndugu, linalohuishwa kila baada ya miezi mitatu, na idadi yake kwa kila nchi itangazwe.

Mbili, ngazi za tahadhari kwa kila nchi yenye wafanyakazi wetu, kwa Kiswahili, kwa ujumbe mfupi wa simu, sio taarifa ya kurasa mbili yenye nembo inayowekwa mtandaoni siku ya tatu.

Tatu, leseni ya wakala iwe na dhamana ya fedha ya kumrudisha mfanyakazi vita au machafuko yakitokea, na asidaiwe hata senti ya tiketi hiyo.

Nne, kila makubaliano ya kazi tunayosaini na nchi za Ghuba yawekwe hadharani, na yawe na kifungu kimoja kisicho na mjadala: ikitangazwa hatari, mfanyakazi anakaa na paspoti yake na sharti la saa 72 au ruhusa ya mwajiri linakufa hapohapo. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema wazi kwamba mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Hatuombi miujiza.

Tano, kura kwa Watanzania walioko nje.

Najua ilani haimfunguli mtu kabati leo usiku. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una dada, mama au rafiki huko, fanya haya kabla hujalala. Mwombe picha ya paspoti na ya mkataba, uzihifadhi. Akutumie mahali alipo kwenye ramani ya simu. Mtafutie namba ya ubalozi wa nchi aliyoko, aiandike kwenye karatasi, maana simu huzima na simu hunyang'anywa. Muulize Mtanzania wa karibu naye ni nani, muunganishwe wote watatu. Dada alikuwa amekaa Doha miaka mitatu bila namba ya ubalozi. Wakala hakuwahi kumpa na mimi, mwanasheria mtarajiwa ninayesomeshwa kwa mshahara wake, sikuwahi kufikiria kumtafutia. Hilo ni kosa langu, na nimelirekebisha.

Bosi wake alirudi asubuhi ya Jumanne na watoto. Dada akawapikia chai. Wiki iliyofuata akajikaza, akaiomba paspoti yake "aiangalie tarehe ya kuisha". Akapewa, akaipiga picha, akairudisha. Picha ninayo hapa kwenye simu. Paspoti bado iko kabatini.